Sindano ya Jicho Moja: Jicho la Pili Hupata Nini?

Mama wa miaka 72 ameketi kwenye benchi la kliniki ya macho, na kando yake ni mwanawe aliyemleta kwa matatu ya alfajiri. Jicho lake la kushoto limepimwa. Daktari amesema kuna maji na damu chini ya retina, na kwamba litahitaji kudungwa sindano, tatu za mwanzo zikifuatana mwezi baada ya mwezi. Jicho la kulia bado linaona vizuri, ingawa nalo lina madoadoa ya manjano kwa ndani. Kijana anapiga hesabu ya nauli, dawa na siku za kazi atakazokosa, kisha anauliza: "Daktari, hii dawa ikiingia jicho moja, si itasaidia na lile lingine?" Mama naye ana swali lake, ambalo halitamki hadi wanapotoka nje: "Na ikiniharibia hili ninaloonea?"

Mama huyu ni mfano tu, ila maswali hayo mawili, moja la matumaini na jingine la hofu, huulizwa popote sindano za retina zinapotolewa. Watafiti wameyafuatilia kwa takriban miaka 20. Dawa inayodungwa jicho moja huingia kwenye damu, na chembe zake zinaweza kufika jicho la pili. Hilo limepimwa. Lakini kufika ni jambo moja na kukinga ni jingine, na familia inayolipia jicho moja ikitarajia la pili lipate kinga ya bure inafaa kujua tofauti hiyo mapema.

Ugonjwa wenyewe

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea mwanga, uitwao retina. Katikati ya utando huo kuna sehemu ndogo, yenye upana wa takriban milimita 5, inayojulikana kama makula. Hiyo ndiyo sehemu mtu anayotumia kusoma, kutambua sura ya jirani, kutia uzi kwenye sindano na kutofautisha noti ya 500 na ya 1,000. Kadiri umri unavyosonga, hasa baada ya miaka 50, makula ya baadhi ya watu huanza kuzorota.

Kuna aina mbili. Aina kavu huenda polepole na ndiyo ya wengi. Aina yenye unyevu ni ya watu wachache zaidi, lakini ndiyo iliyosababisha sehemu kubwa ya upofu mkali wa ugonjwa huu kabla ya sindano kupatikana. Katika aina hii mishipa mipya ya damu huota chini ya retina, mahali isipotakiwa, na mishipa hiyo ni dhaifu, hivyo huvuja. Mstari ulionyooka huonekana umepinda. Doa jeusi hukaa katikati ya kila kitu mtu anachokitazama. Bila matibabu, kovu huweza kujitengeneza ndani ya miezi michache, na kovu hilo sindano haiwezi kuliondoa.

Wapo wanaodhani huu ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli kwamba aina yenye unyevu imeandikwa zaidi kutoka Ulaya na Marekani, lakini uchunguzi uliofanywa Nakuru mwaka 2007 na 2008 kwa zaidi ya watu 4,000 wenye umri wa miaka 50 na zaidi ulikuta dalili za mapema za kuzorota kwa makula kwa asilimia 11.2, na hatua ya mwisho kwa asilimia 1.2. Kwa hivyo mzee anayesema haoni sura za watu asiambiwe moja kwa moja kwamba ni mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho hutia ukungu kila mahali. Ugonjwa wa makula huanzia katikati.

Dawa iliyotoka kwenye saratani

Mwaka 1989, mwanasayansi Napoleone Ferrara na wenzake katika kampuni ya Genentech, California, waliitambua protini inayouamuru mwili uoteshe mishipa mipya ya damu. Protini hiyo hufupishwa VEGF. Uvimbe wa saratani huitumia ili kujipatia damu, kwa hivyo wazo la kwanza lilikuwa kuizuia ili saratani ife njaa. Dawa ya bevasizumabu, ambayo boksi lake huandikwa Avastin, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana.

Protini hiyo hiyo ndiyo inayootesha mishipa mibovu chini ya makula. Mwaka 2005 daktari wa macho Philip Rosenfeld, mjini Miami, alianza kudunga tone dogo la bevasizumabu ndani ya jicho, na maji yakakauka. Mwaka uliofuata dawa iliyotengenezwa mahususi kwa jicho, ranibizumabu, iliidhinishwa kwa jina la Lucentis, na mwaka 2011 ikafuata aflibasepti kwa jina la Eylea. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka bevasizumabu kwenye orodha ya dawa muhimu kwa matibabu ya macho, jambo lenye uzito kwa nchi kama Kenya. Chupa moja iliyokusudiwa mgonjwa wa saratani hugawanywa na mfamasia, katika mazingira safi kabisa, kuwa dozi nyingi za jicho. Wakati dawa hizi zikilinganishwa Marekani, dozi moja ya bevasizumabu iligharimu takriban dola 50 na ya ranibizumabu takriban dola 2,000.

Tone moja linasafiri vipi

Kinachodungwa ni mililita 0.05, sawa na tone moja la maji. Ndani ya tone hilo, ikiwa ni bevasizumabu, kuna miligramu 1.25 za dawa. Mgonjwa wa saratani mwenye kilo 70 anayepewa miligramu 5 kwa kila kilo hupokea miligramu 350 kwa mkupuo, yaani mara 280 ya kile kinachoingia jichoni. Wanaoogopa neno "dawa ya saratani" watulizwe na hesabu hiyo.

Tone halikai jichoni milele. Ndani ya mboni kuna ute mzito kama uji wa wanga, na dawa husambaa humo polepole. Sehemu hutoka na maji yanayochujwa mbele ya jicho, sehemu hupenya mishipa ya nyuma. Njia zote mbili huishia kwenye damu. Damu huenda kwenye moyo, na moyo huisukuma kila mahali: figo, ubongo, miguu, na jicho la pili. Hakuna bomba linalounganisha macho mawili kwa ndani kama wengine wanavyofikiria.

Tofauti kati ya dawa na dawa huanzia hapa. Ranibizumabu ni kipande kidogo cha kingamwili, na ikishaingia kwenye damu nusu yake huondoka ndani ya takriban saa 2. Bevasizumabu ni kingamwili kamili, ambayo mwili huilinda na kuirudisha kwenye mzunguko, hivyo nusu yake huchukua takriban siku 20 kuondoka kwenye damu. Aflibasepti nayo huchukua siku kadhaa. Ndiyo maana kiwango cha VEGF kwenye damu hushuka baada ya sindano ya bevasizumabu au aflibasepti, na hakibadiliki sana baada ya ranibizumabu.

Watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, waliwadunga sungura jicho moja mwaka 2007, kisha wakapima yote mawili. Kwa bevasizumabu, chembe zilipatikana kwenye jicho lisilodungwa, lakini kiwango chake kilikuwa cha chini mno, makumi ya maelfu ya mara chini ya kilele cha jicho lililodungwa. Kwa ranibizumabu hawakukuta kitu kwenye jicho la pili.

Kilichoonekana kwa wenye kisukari

Matumaini ya yule kijana hayakutoka hewani. Mwaka 2006 madaktari waliokuwa wakiwadunga bevasizumabu wagonjwa wa kisukari waliokuwa na mishipa mipya ndani ya jicho waliripoti kwamba kwa wagonjwa wawili, uvujaji ulipungua kidogo hata kwenye jicho ambalo halikuguswa. Baadaye wengine walilinganisha dawa mbili kwa wagonjwa wenye uvimbe wa makula wa kisukari, na wakaona jicho la pili likipungua unene baada ya bevasizumabu lakini si baada ya ranibizumabu. Hilo linaafikiana na jinsi kila dawa inavyokaa kwenye damu.

Maelezo yanayotolewa ni kwamba kisukari hubomoa ukuta unaozuia vitu vya damu visiingie retina. Ukuta ukiwa na nyufa, hata dawa kidogo iliyomo kwenye damu hupenya. Jicho kama hilo linaweza kuonekana limepata nafuu kwenye picha za OCT, kipimo kinachoonyesha tabaka za retina, ingawa halijatibiwa.

Tahadhari inahitajika hapo. Nafuu ya aina hiyo ni ndogo, haiji kwa kila mtu, na huisha dawa inapoisha kwenye damu. Mgonjwa wa kisukari ambaye jicho lake la pili limeonekana "kupona" lenyewe asikose miadi inayofuata kwa sababu hiyo. Sukari ya damu na presha zisipodhibitiwa, uvimbe hurudi.

Kwa makula ya uzee, hesabu ni nyingine

Utafiti uliolinganisha bevasizumabu na ranibizumabu nchini Marekani, uitwao CATT, ulitoa matokeo yake ya kwanza mwaka 2011. Ulionyesha kwamba dawa hizo mbili huokoa uwezo wa kuona kwa kiwango kinachokaribiana. Kwa swali la jicho la pili, ulikuwa na jambo la ziada: washiriki 727 walikuwa na jicho moja lenye mishipa mibovu na la pili ambalo bado halikuwa nayo. Wote walidungwa jicho bovu tu. Watafiti wakafuatilia lile zima kwa miaka miwili.

Kati ya watu 365 waliopewa ranibizumabu, jicho la pili liliugua aina yenye unyevu kwa watu 75. Kati ya 362 waliopewa bevasizumabu, liliugua kwa watu 60. Mtu anaweza kusema 60 ni pungufu ya 75, kwa hivyo bevasizumabu inakinga. Lakini tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba inaweza kutokea kwa bahati tu, kama mtu anayerusha sarafu mara kumi akapata kichwa mara sita. Kinachobaki wazi ni jumla yake: watu 135 kati ya 727, karibu mmoja kati ya watano, waliugua jicho la pili ndani ya miaka miwili huku wakiendelea kupata huduma kwenye jicho la kwanza.

Majaribio ya awali ya ranibizumabu, MARINA, yalikuwa na kundi lililofanyiwa maigizo ya sindano bila dawa yoyote. Huko pia, jicho la pili la waliopata dawa halikukingwa zaidi ya lile la waliokosa.

Mtu angeuliza: pengine tatizo ni kwamba dawa inayofika ni kidogo mno, basi kwa nini isidungwe moja kwa moja kwenye jicho lililo zima? Hilo nalo limejaribiwa. Katika utafiti wa PRO-CON, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021, jicho la pili lililokuwa na dalili za kati lilidungwa aflibasepti kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili, na kundi jingine likapata maigizo. Mwishoni, takriban mtu mmoja kati ya kumi katika kila kundi alikuwa ameugua aina yenye unyevu. Dozi kamili iliyodungwa ndani ya jicho kwa ratiba hiyo haikuzuia ugonjwa kuanza, na hapo ni vigumu kutarajia chembe zilizopotea njia kwenye damu zifanye kazi hiyo.

Kijana wa mfano wetu, basi, ajibiwe hivi: sindano ya jicho la kushoto ni ya jicho la kushoto.

Hofu ya mama

Swali la mama lina mizizi yake. Watu wengi wamewahi kuona mzee akidungwa jicho moja, na baada ya mwaka la pili likafifia. Sindano ikalaumiwa. Takwimu za CATT zinaeleza kilichotokea: macho mawili ya mtu mmoja yana umri mmoja, damu moja na urithi mmoja. Ugonjwa ulikuwa tayari unaendelea upande wa pili, hata kama hakuna aliyeuona. Kundi la maigizo katika MARINA halikupata dawa, na jicho lao la pili liliugua vilevile.

Upo ugonjwa adimu ambao jicho moja lililoumia huamsha kinga ya mwili kushambulia na la pili. Huja zaidi baada ya jeraha kubwa, kwa mfano jicho lililotobolewa na mti au msumari, au baada ya upasuaji wa mara kwa mara. Sindano ya retina ni nyembamba, hupita kwenye weupe wa jicho milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa kioo cha mbele, na kuamka kwa ugonjwa huo baada yake ni jambo la nadra kupita kiasi.

Hatari inayostahili kuogopwa iko kwenye jicho lililodungwa. Viini vikiingia ndani, maambukizi huweza kuliua jicho kwa siku chache. Hutokea kwa takriban sindano moja kati ya 2,000, na ndiyo sababu daktari huosha jicho kwa dawa ya rangi ya kahawia kabla ya kudunga. Maumivu yanayoongezeka, wekundu unaozidi na kuona kunakofifia ndani ya wiki ya kwanza ni dharura: mgonjwa arudi hospitalini siku hiyo hiyo, asisubiri miadi. Ikiwa macho yote mawili yanahitaji kudungwa siku moja, kila jicho huhesabiwa kama kazi tofauti, lenye vifaa vyake, sindano yake na usafi wake, ili kosa moja lisiyagharimu yote mawili.

Kwa kuwa dawa hupita kwenye damu, daktari aambiwe bila kuficha iwapo mgonjwa amepata kiharusi au mshtuko wa moyo hivi karibuni. Tafiti kubwa hazijaonyesha wazi kwamba sindano hizi huongeza kiharusi, lakini wagonjwa walio katika hatari kubwa zaidi mara nyingi hawakujumuishwa. Mama mwenye kisukari ambaye ni mjamzito au anatarajia kupata mimba aseme pia.

Jicho la pili linahitaji nini

Linahitaji kutazamwa, na mtazamaji wa kwanza ni mwenye jicho. Shida ni kwamba macho mawili husaidiana: moja likianza kuharibika, jingine huficha pengo, na mtu hugundua siku anapofunga lile zima kwa bahati. Kila asubuhi mgonjwa avae miwani yake ya kusomea, afunike jicho moja kwa kiganja na kutazama kitu chenye mistari iliyonyooka. Kliniki huwa na karatasi ya miraba yenye kitone katikati, iliyobuniwa na daktari Marc Amsler wa Uswisi. Daftari la hesabu la mjukuu, lile la miraba, hufanya kazi inayokaribia hiyo: tia kitone kwa kalamu katikati ya ukurasa, ushike kwa umbali wa takriban sentimita 30, utazame kitone bila kuhamisha jicho. Halafu jicho la pili. Hata fremu ya dirisha au mabati ya nyumba ya jirani yanatosha kwa anayetazama kila siku.

Mstari uliopinda leo na jana haukuwa umepinda, au mraba uliotoweka, ni sababu ya kwenda kliniki ndani ya siku chache. Jicho linaloanza sindano likiwa bado linaona vizuri hubaki na uwezo mkubwa zaidi kuliko lile lililosubiri. Kwa sababu hiyo, yeyote aliye kwenye sindano za jicho moja anafaa kuomba la pili lipimwe kila anapohudhuria. Mara nyingine foleni huwa ndefu na jicho "zima" huachwa. Kukumbusha si utovu wa adabu.

Sigara huongeza hatari ya ugonjwa huu kuliko karibu kitu kingine chochote ambacho mtu anaweza kukibadilisha. Kwa walio na dalili za kati, mchanganyiko wa vitamini C, vitamini E, zinki, shaba, luteini na zeaksanthini, uliotokana na tafiti za AREDS na AREDS2 nchini Marekani, hupunguza hatari ya kufika hatua ya mwisho kwa takriban robo ndani ya miaka mitano. Fomula ya kwanza ilikuwa na beta-karotini, ambayo haifai kwa wavutaji sigara kwa kuwa huwaongezea saratani ya mapafu, kwa hivyo lebo isomwe kabla ya kununua. Asiye na dalili hizo hana sababu ya kutumia pesa zake kwa vidonge. Sukuma wiki, mchicha na managu zina luteini, na ziko sokoni.

Siku ya kliniki

Mgonjwa aje na kitambulisho, kadi ya kliniki, majina ya dawa zote anazotumia na, ikiwezekana, picha za awali za macho yote mawili. Aulize jina la dawa anayodungwa na liandikwe kwenye kadi, ili akihamishiwa hospitali nyingine daktari ajue alichopewa, jicho gani na tarehe gani. Kwa kuwa mboni hupanuliwa kwa matone na jicho lililodungwa huona ukungu kwa saa kadhaa, aandamane na mtu na asiendeshe gari wala bodaboda hadi atakapoona vizuri. Vitone vyeusi vinavyoelea siku ya kwanza mara nyingi ni mapovu ya hewa au dawa yenyewe, na hutoweka baada ya siku moja au mbili. Wasioweza kufika kwa miadi yao wamjulishe mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chao mapema, kwa sababu sindano iliyorukwa mwezi huu huruhusu maji kurudi.